Ndege Yako ya Rimoti Imeanguka Kangemi? Hivi Ndivyo Unairudisha Hewani Bila Kuchoma Keja

Ndege ya rimoti ikianguka Kangemi huwa haichagui pahali poa. Ni juu ya mabati ya jirani, kwa nyaya za stima, ama pale Waiyaki Way ambapo matatu haingojei mtu aokote kitu. Na ukiipata, mbogi ya watoto imeshafika kabla yako, kila mtu na kipande mkononi.

Relax kwanza. Ndege nyingi zinazotupwa zingeweza kuruka tena. Shida ni kwamba wasee wengi hukimbilia gundi kabla hawajacheki kilichoharibika. Fuata hii mpangilio na utaokoa doo, na pengine utaokoa plot nzima.

1. Kuokota

Kama imenaswa kwa nyaya za stima, achana nayo. Usipande, usirushe mawe, usitumie mti wa kuanikia nguo. Pigia Kenya Power kwa 97771 uwaambie. Hakuna ndege ya sponji yenye bei ya maisha yako.

Kama imeanguka chini, shusha fimbo ya mwendo ya rimoti kabisa hadi iwe sufuri, halafu chomoa betri kwa ndege. Rimoti izimwe mwisho. Ukianza na rimoti, mota inaweza kuamka ghafla na propela ikakukata vidole. Kisha okota kila kipande, hata vile vidogo kama kucha. Kipande halisi kinaingia kwa pengo lake vizuri kuliko chochote utakachochonga.

2. Betri: hapa ndio noma iko

Ndege nyingi za siku hizi hutumia betri za lithiamu za pakiti laini, zile wasee huita lipo. Ikigongwa, inaweza kukaa poa kwa dakika kadhaa halafu iwake yenyewe. Sasa fikiria keja ya mabati, godoro hapa, jiko la gesi pale, na jirani ako ukutani tu. Moto ukianza mtaa kama huu hauishii kwa mlango wako.

Kwa hivyo betri iliyoanguka haiingii kwa nyumba. Iweke nje juu ya simiti ama kwa karai ya mchanga, mbali na vitu za kushika moto, uiangalie kama saa moja hivi. Ikivimba, ikipata joto, ikitoboka, ama ikitoa harufu tamu tamu, hiyo imeisha. Usiichaji tena hata kama bado inawasha mota.

Ikionekana sawa, ipime kwa mita. Kila seli ikijaa huwa volti 4.2, na haifai kushuka chini ya volti 3.0. Seli moja ikiwa imeachwa nyuma sana na zingine, hiyo ni ishara mbaya. Na hata iliyopita mtihani, chaji ya kwanza ifanyie nje ukiwa macho. Si usiku ukilala.

Iliyokufa usiitupe kwa takataka, kwa sababu kuna msee anachoma hizo taka ama anazichambua kwa mikono. Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea taka za elektroniki.

3. Kagua kutoka mbele kwenda nyuma

*Propela:* ikiwa na ufa hata mdogo, tupa. Inazunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kipande kikichomoka kinaingia jichoni.

*Mota:* toa propela, zungusha shafti kwa mkono. Ikikwaruza ama ikiyumba, shafti imepinda. Cheki pia kama kikalio cha mota kimehama. Mota nyingi hufungwa zikiangalia chini kidogo na kulia kidogo kwa makusudi, kwa hivyo usiinyooshe ukidhani ilikosewa.

*Sevo:* hizi ndizo mota ndogo zinazosukuma mikia na vibawa. Sogeza mkono wake polepole. Ikiruka ruka kama cheni ya baiskeli iliyolegea, meno ya ndani yamevunjika. Badilisha.

*Waya na risiva:* vuta kila plagi pole pole. Ndege inaweza kuonekana mzima kabisa na waya moja imekatika ndani ya plastiki. Hiyo ndiyo itakuangusha mara ya pili.

Spea za elektroniki utazipata kwa maduka ya Luthuli Avenue na mitaa ya karibu. Beba ile ya zamani mkononi. Ukienda na maelezo ya mdomo utarudi na kitu haiingii.

4. Gundi inategemea sponji

Hapa ndipo ndege nyingi hufa mara ya pili, safari hii mikononi mwa mwenyewe.

Ile nyeupe ya punje punje inayofungiwa TV ndani ya katoni, supa gluu ya kawaida inaikula. Unaweka tone, unaona shimo. Tumia gundi nyeupe ya fundi wa mbao na uipe usiku mzima ikauke, ama epoksi ya kuchanganya tyubu mbili. Jaribu kwanza kwa kipande cha kutupa.

Sponji ngumu na laini ya ndege za dukani inavumilia supa gluu. Na iko na siri nyingine: pua ikibonyea, imwagie maji ya moto yaliyotoka tu kuchemka. Sponji inafura na kurudi karibu na umbo lake. Fanya kabla ya kupaka gundi, na toa elektroniki zote kwanza. Usijaribu hii kwa ile nyeupe ya punje, inaweza kukunjamana.

Panga vipande vikavu kwanza bila gundi uone kama vinakaa. Paka kidogo, bana na selotepu, kisha pima na rula: kutoka ncha ya kila bawa hadi ncha ya mkia lazima iwe sawa pande zote mbili. Simama nyuma uangalie kama bawa moja limejinyonga. Likikauka likiwa limepinda, ndege itavuta upande mmoja maisha yake yote.

5. Bawa likivunjika katikati

Gundi pekee haitoshi, maana katikati ya bawa ndipo uzito wote hubebwa. Chora mfereji unaovuka ule ufa, ulaze kijiti kigumu ndani, halafu gundi. Fimbo ya kaboni ndiyo bora, lakini ubavu wa mwavuli uliokufa, zile za faiba, unafanya kazi poa. Kwa ndege ndogo hata vijiti vya mishkaki vinasaidia. Kijiti kipite ufa kwa sentimita kadhaa kila upande.

6. Mizani

Gundi ni uzito. Kama mkia uko mbali na katikati ya ndege mara tatu kuliko betri, gramu 10 za gundi kwa mkia zinadai gramu 30 huko mbele. Ndege yenye mkia mzito huinua pua na kukataa kutii.

Kwa bawa lililonyooka, pima upana wake kutoka mbele kwenda nyuma. Mizani ianzie kwa asilimia 25 hadi 30 ya huo upana. Bawa la sentimita 18 linamaanisha kati ya sentimita 4.5 na 5.4 kutoka ukingo wa mbele. Weka betri ndani, inua ndege kwa vidole viwili hapo. Ikae sawa ama ielekeze pua chini kidogo. Ikikataa, sogeza betri kabla ya kuongeza vyuma.

7. Hewa ya Nairobi ni nyepesi

Wengi hulaumu fundi bure. Huku tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 15 hadi 20 kuliko Mombasa. Ndege ile ile inahitaji mwendo zaidi, karibu asilimia 10, ili isiporomoke. Ukiongeza na uzito wa gundi, ukipunguza mwendo kwa kona unaidondosha. Tua na mwendo kidogo, na kona ziwe pana.

8. Kabla ya kurusha tena

Cheki vibawa: ukisukuma fimbo kulia, kile cha kulia kipande juu na cha kushoto kishuke. Tembea mbali ukiwa na rimoti huku mwenzako ameshika ndege, muone kama bado inasikia. Kisha irushe kwa mkono juu ya nyasi ndefu, mota ikiwa imezimwa. Ikiteleza sawa, sasa washa.

Na si kati ya maploti. Tafuta uwanja mpana, uombe ruhusa ya wenyewe. Wilson Airport iko kama kilomita 10 tu kutoka Kangemi kwa mstari ulionyooka, na anga inasimamiwa na KCAA. Wao ndio wa kuuliza kama kifaa chako kinahitaji usajili na wapi unaruhusiwa.

9. Wakati wa kukubali

Kama mwili umekuwa unga, bawa limevunjika mara tatu, na gundi inaanza kuwa nzito kuliko ndege, acha. Toa mota, sevo, risiva na rimoti. Hizo ndizo zilikugharimu. Mwili mpya unaweza kuukata kutoka kwa ubao wa sponji wa duka la vitabu wikendi moja, na zile spea zikaruka tena Jumapili.