Taji Lisilolala Nyumbani

Mji wa Fes si mgeni katika historia ya pwani yetu. Ibn Battuta, aliyelala Mombasa usiku mmoja kabla ya kufika Kilwa mwaka 1331, alirejea kwao Maghrib baada ya miaka mingi ya safari, na ni huko Fes ndiko alikomsimulia mwandishi wake, Ibn Juzayy, habari ambazo hadi leo wanahistoria wetu hawawezi kuzikwepa. Karne sita na nusu baadaye mji huo ulipokea wasafiri wa namna nyingine: wanawake wenye raketi begani, kutoka Argentina, Uhispania, Urusi na Romania, waliokuja kuwania taji la tenisi lililopewa jina la binti wa mfalme.

Binti huyo ni Lalla Meryem, mtoto wa Mfalme Hassan wa Pili na dada yake Mohammed wa Sita. Mashindano yenyewe yalianza Casablanca mwaka 2001, yakahamia Rabat mwaka 2005, yakatua Fes kuanzia 2007 hadi 2012, yakapiga kambi Marrakech miaka mitatu, kisha mwaka 2016 yakarudi Rabat. Ni mashindano madogo. Katika ngazi ya wanawake wa kulipwa yamekuwa siku zote kwenye madaraja ya chini; leo bingwa wake hupata pointi 250, ilhali bingwa wa Roland Garros hupata 2,000. Lakini kwa miaka ishirini ya mwanzo hapakuwa na mengine ya ngazi hiyo katika bara zima la Afrika. Tunisia ilipofungua yake mjini Monastir, ilikuwa tayari mwaka 2022.

Mashindano madogo yana ladha ambayo makubwa hayana. Wimbledon huenda mtu kumtazama aliyekwisha kuwa. Fes alikwenda kumtazama ambaye bado hajawa, au ambaye hatakuwa kamwe, na siku ile hakuna wa kumwambia yupi ni yupi. Mwaka 2010 msichana wa Kiromania wa miaka 18 alifika fainali akashindwa na Iveta Benešová. Mwaka uliofuata alifika tena, na safari hii akafungwa na Alberta Brianti, Mwitaliano wa miaka 31, mchezaji asiyesifika sana, ambaye katika maisha yake yote ya uchezaji hakupata taji jingine la ngazi hiyo ila lile. Msichana aliyeshindwa mara mbili ni Simona Halep. Mwaka 2017 alikuwa wa kwanza duniani, 2018 akatwaa Roland Garros, 2019 akatwaa Wimbledon. Kwenye orodha ya mabingwa wa Fes, hata hivyo, limeandikwa jina la Brianti, na hapana awezaye kulifuta. Binafsi nampenda Brianti kwa hilo.

Mwaka 2012 Kiki Bertens wa Uholanzi alianza kwenye mechi za mchujo, mlango wa wasiojulikana, akatoka na taji lake la kwanza. Martina Trevisan naye alipata la kwanza lake Rabat mnamo Mei 2022, na siku chache baadaye, mjini Paris, akafika nusu fainali ya Roland Garros. Wengine, akina Zsófia Gubacsi na Patricia Wartusch, mabingwa wa miaka miwili ya mwanzo, leo hukumbukwa na wachache tu. Kutoka 2001 hadi 2025 mashindano yalifanyika mara 23, kwa kuwa janga la korona liliyasimamisha 2020 na 2021. Mara 23, mabingwa 23: hakuna aliyelitwaa taji hilo mara mbili.

Na katika hao 23 hakuna Mwafrika hata mmoja.

Hapa ndipo habari inapouma. Wanaume wa Morocco wana mashindano yao, yale ya Hassan wa Pili, yaliyoanza 1984, na watu wa Casablanca waliwahi kuona taji likibaki kwao: Hicham Arazi mwaka 1997, Younes El Aynaoui mwaka 2002. Upande wa wanawake mwenyeji huandaa uwanja, hupanga viti, kisha mgeni hubeba. Waitaliano wamebeba mara tano na Wahispania mara tatu. Si muujiza. Hao wamekulia kwenye udongo mwekundu, na kutoka kwao hadi Morocco ni safari fupi ya ndege, huku mashindano madogo ya kujipatia pointi yakiwazunguka nyumbani karibu kila wiki. Mchezaji wa tenisi hana klabu ya kumlipa mshahara kama mwanasoka. Tiketi, chumba, mwalimu, vyote ni juu yake mpaka aanze kushinda. Wachezaji 32 tu ndio huingia, kwa nafasi zao katika orodha ya dunia, na nafasi hizo hununuliwa kwa safari. Msichana wa Nairobi au Dar es Salaam humwia vigumu hata kuufikia mlango wa mchujo. Mwenyeji ana kadi chache za mwaliko za kuwagawia vijana wake, na mwaliko humfikisha mtu uwanjani tu. Mengine ni yake.

Si kwamba Afrika haina wachezaji. Ons Jabeur wa Tunisia alicheza fainali ya Wimbledon mara mbili, 2022 na 2023, na ya Marekani mara moja. Angella Okutoyi wa Kenya, mwaka 2022, alishinda Wimbledon ya wasichana, mchezo wa wawili wawili, taji ambalo hapana Mkenya aliyekuwa amelifikia.

Aliyekaribia Rabat ni Mayar Sherif wa Misri. Alizaliwa Cairo mwaka 1996, akasoma na kucheza katika chuo kikuu cha Pepperdine huko Marekani, na mwaka 2022 mjini Parma akawa Mmisri wa kwanza mwanamke kushinda taji la ngazi hii. Mei 2024 alifika fainali ya Rabat, Mwafrika wa kwanza kusimama pale tangu mashindano yaanze. Upande wa pili alisimama Peyton Stearns, Mmarekani, ambaye alikuwa hajawahi kutwaa taji lolote la ngazi hiyo. Udongo ndio mchezo wa Sherif. Wengi wangemtegemea yeye. Stearns alishinda 6–2, 6–1. Mwaka uliofuata taji lilikwenda Australia, kwa Maya Joint wa miaka 19, nalo lilikuwa lake la kwanza.