Kinyonga wa Pembe Tatu: Mama Yake Alitoka Wapi?

Ukitafuta kinyonga wa pembe tatu Marekani leo, muuzaji atakuhakikishia kwamba huyo amezaliwa kizimbani. Maneno hayo hupandisha bei, na si bure. Kinyonga aliyekamatwa porini hufika kwa mnunuzi na minyoo, kiu na woga, na mara nyingi hufa kabla hata hajazoea matone ya maji kwenye majani ya plastiki. Mzaliwa wa kizimbani hana shida nyingi hivyo.

Lakini huyo kinyonga kwao ni huku. Anaishi nyanda zetu za juu, kuanzia vichaka vya Nairobi hadi miteremko ya Mlima Kenya na Meru. Mwaka wa 1896 mtaalamu wa jumba la makumbusho la London, George Albert Boulenger, alimpa jina la kisayansi kwa heshima ya Frederick Jackson, Mwingereza aliyekuja baadaye kuwa gavana wa Uganda. Wenyeji waliokuwa wakipishana naye njiani hawakuulizwa. Kusema kweli, wengi wetu hata kumgusa hatutaki. Katika simulizi nyingi za Kibantu yeye ndiye yule mjumbe aliyetumwa na habari ya uzima, akajivuta njiani mpaka kifo kikamtangulia. Nani angefikiria kumfuga, sembuse kumuuza?

Wageni walifikiria. Mwaka wa 1972 mwenye duka la wanyama huko Kaneohe, kisiwa cha Oahu, Hawaii, aliletewa dazeni kadhaa kutoka Kenya. Walifika wamekonda, wamekauka, hoi. Akawaachilia kwenye miti ya nyumbani kwake ati wapate nafuu. Nafuu walipata kweli! Hawaii ina milima yenye mvua na baridi kidogo, kama kwao, na maadui wachache. Wakazaana, na watu wakawabeba hadi visiwa vingine.

Mwaka wa 1977 vinyonga hawa waliingia kwenye orodha ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea pori. Mwaka wa 1981 Kenya ikafunga biashara ya kuwauza nje. Ungedhani soko limekwisha. Wapi! Wauzaji wa Marekani waligeukia Hawaii, na kwa miaka mingi wengi wa vinyonga hawa waliouzwa huko walikuwa wajukuu na vitukuu wa wale wa Kaneohe. Kenya haikuona hata senti.

Hawaii nayo ilikuja kujuta. Mwaka wa 2010 watafiti walieleza jinsi walivyopasua matumbo ya vinyonga hao na kukuta konokono wa asili wa visiwa hivyo, viumbe wasiopatikana kwingine duniani. Sasa sheria ya huko inakataza kuwahamisha kutoka kisiwa kimoja hadi kingine. Utafiti mwingine wa 2022 uliwalinganisha na ndugu zao wa Kenya: madume wa Hawaii wanapoonyeshana ubabe hung'aa zaidi. Miaka 50 tu bila ndege na nyoka wa huku, na tayari wamebadilika.

Kwa hivyo mimi nikisikia "amezaliwa kizimbani" huwa nauliza kuhusu mama. Kinyonga huyu hatagi mayai kama wengine. Hubeba mimba miezi kama sita, kisha anazaa watoto hai, pengine 8, pengine 30. Mtu akimtoa mama mwenye mimba porini usiku, akamtia kizimbani, baada ya wiki mbili ana watoto 20 ambao kweli wamezaliwa kizimbani. Hajadanganya neno, na bado amechota msituni.

CITES iliuona ujanja huo, ndiyo maana vibali vyake vina herufi. W ni mnyama wa porini. C ni yule ambaye wazazi wake walipandana kizimbani, tena kwenye ufugaji unaoweza kufikisha kizazi cha pili. F ni aliyezaliwa kizimbani ila masharti ya C hajayatimiza. Watoto wa yule mama wa porini, mwisho wao ni F. Kwenye karatasi tofauti ni herufi moja tu, lakini ndiyo inayotenganisha mfugaji na mwindaji.

Sheria yetu ya wanyamapori ya 2013 inaruhusu ufugaji wa aina hii kwa leseni. Sioni ubaya wowote: kama kuna pesa, kwa nini zibaki California? Ila mkaguzi anayefika shambani asiishie kutazama vyeti. Ahesabu majike, azidishe kwa watoto 30, akumbuke ile miezi sita ya mimba, kisha alinganishe na idadi iliyouzwa mwaka huo. Vinyonga waliouzwa wakizidi hesabu hiyo, basi kuna mtu anayezunguka msituni usiku na tochi.