Pikapu ya 504, giaboksi yake, na namba zilizoishiwa nafasi

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na safari hii siwezi kusingizia kazi. Kilichoniweka mbali na tarakilishi ni pete moja ya shaba inayotosha kiganjani. Leo hakuna programu wala seva, ni historia tu, ingawa mtakaoandika programu mtajiona humu ndani.

Baba anakaa Kinangop. Kila alfajiri pikapu yake ya Peugeot 504 hukusanya maziwa ya majirani na kuyapeleka kwenye kituo cha kupoeza. Miezi michache iliyopita gia ya tatu ilianza kulia kila akiiingiza, kisha ikakataa kabisa. Maziwa hayangoji fundi. Akalazimika kukodi gari kila asubuhi, na ile kodi ikala faida yote, ikabaki kidogo kuila na mtaji. Mimi kama mtoto wa Nairobi nikaahidi kuleta spea ndani ya siku mbili. Nikakosea mara mbili mfululizo! Baada ya kosa la pili niliacha kuuliza bei nikaanza kuuliza gari lenyewe limetoka wapi.

Kwanza ile pete inafanya nini. Ndani ya giaboksi, gia na shafti huzunguka kwa kasi tofauti. Ukitaka kuviunganisha kwa nguvu meno hugongana, ndiyo maana madereva wa zamani walikuwa wakikanyaga klachi mara mbili kila wakibadilisha gia. Mwaka 1928 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilileta sinkronaiza, kazi ya mhandisi Earl Thompson. Pete ya shaba hujibana kwenye koni ya gia, msuguano ukasawazisha kasi, halafu meno yanaingia kimya. Shaba ni laini kuliko chuma, kwa hiyo inayoliwa ni pete. Na kama pete si ya koni ile hasa, hata kwa tofauti ndogo usiyoweza kuiona kwa macho, haijibani. Ni sawa na kutoweka kitu.

Sasa gari. Peugeot 504 ilionyeshwa Paris mwaka 1968, na mwaka 1969 ikatajwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Kwetu jina lilikuwa limeshatengenezwa na kaka yake, 404, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1963 na tena 1966, 1967 na 1968. 504 yenyewe ilishinda 1975 na 1978. Wazee wanaosema "Peugeot ndiyo gari" wana ushahidi wao, msibishane nao. Pikapu ilifuata mwaka 1979.

Lakini 504 haikubaki gari la Ufaransa. Miaka ya 1970 serikali ya Kenya ilitaka magari yaunganishwe hapa nchini, na viwanda vitatu vikasimama, Thika, Nairobi na Mombasa. Sehemu za 504 zilifika zikiwa ndani ya makasha na kuunganishwa Mombasa. Nigeria walikuwa na kiwanda Kaduna tangu 1975. Argentina nao walikuwa na chao, na hawakuacha hadi 1999. Ufaransa kwenyewe pikapu ilikoma mwaka 1993, lakini Mombasa na Kaduna waliendelea hadi miaka ya 2000. Kwa lugha ya ofisini kwetu, mwenye programu aliacha kuitunza lakini matawi yake yakaendelea kuishi, kila moja na mabadiliko yake.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mwenzangu mwenye Toyota hupata giaboksi nzima mtaa wa Kirinyaga (Grogan kwa sisi wengine) kabla ya chai ya saa nne. Tangu miaka ya 1990 soko letu limelishwa na magari yaliyotumika Japani. Wajapani wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, usukani uko kulia kama wetu, na gari linalokufa hapa au kule hugeuka kuwa spea. 504 haikuwa na mto kama huo. Huko Ufaransa usukani uko kushoto, kwa hiyo magari yao makuukuu hayakuja kwetu. Tulichounganisha Mombasa ndicho tulichonacho, na kila mwaka kinapungua.

Kosa langu la kwanza. Muuzaji mmoja alinihakikishia ana pete ya "giaboksi ya Peugeot". Hakudanganya! Ilikuwa ya BA10, na mimi nilihitaji BA7. Hizi ni familia mbili. Namba baada ya mkwaju huonyesha idadi ya gia za kwenda mbele, BA7/4 nne na BA7/5 tano, lakini kabla ya mkwaju ndipo penye ukoo. BA10 ni kubwa zaidi na imetembea dunia. Iliwekwa kwenye Jeep Cherokee za Marekani kati ya 1987 na 1989, ambako ilipata sifa mbaya ya kuvunjika, na iliwekwa pia kwenye magari ya Mahindra ya India yaliyokuwa na injini ya dizeli ya Peugeot. Kwa hiyo spea zake ziko nyingi, na muuzaji ataona neno Peugeot akutolee ya BA10. Nilisafiri nayo hadi Kinangop, fundi akaishika mara moja tu na kunirudishia.

Kosa la pili lilinivunjia heshima zaidi kwa sababu nilifuata kitabu. Katalogi za spea hugawanywa kwa namba ya chasi, kwamba kuanzia gari namba fulani sehemu fulani ilibadilishwa. Nikasoma namba kwenye kibati cha gari, nikatafuta, nikapata namba ya Peugeot. Mtindo wao wa zamani ni tarakimu nne, nukta, kisha mbili. Tarakimu ya kwanza ni kundi, na 2 ni klachi na giaboksi. Zile mbili baada ya nukta hutofautisha toleo na toleo. Mwandishi wa programu ataona tatizo mara moja: mbili zinaishia 99. Nao waliishiwa! Suluhisho lao likawa kuingiza herufi, ndiyo maana namba za baadaye zina vitu kama A4 au CK mwishoni. Nilicheka peke yangu dukani. Sisi tulidhani tatizo la tarakimu mbili lilikuwa letu na mwaka 2000.

Pete ilikuja na namba sahihi kabisa. Haikukaa. Ilishuka kwenye koni mpaka ikagusa meno, wakati pete nzima inapaswa kuacha nafasi ndogo pale.

Nilirudi Grogan na pete zote tatu, mbovu moja na mpya mbili. Mzee mmoja aliyeshika Peugeot maisha yake yote alizipanga mezani, akapima kwa kalipa bila kuuliza namba ya chasi.

"Kijana, gari lina gia ngapi?"

"Tano, mzee."

"Na lilitoka kiwandani na ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nikampigia Baba. Alilinunua kwa mtu likiwa na tano, lakini kibati na katalogi vilisema nne. Mtu fulani, miaka mingi iliyopita, alitoa giaboksi ya kwanza na kuweka ya gari jingine, na hakuandika popote. Nilikuwa nimesoma maelezo ya mfumo ambao haupo tena. (Mliowahi kurithi seva ya mtu aliyeacha kazi, mnaijua hisia hiyo.)

Mzee alikuwa na giaboksi ya stesheni wagoni iliyokufa, kasha limefunguliwa nusu mbili. Tulijaribu pete zake kwenye koni niliyoibeba kwenye gunia. Ya pili ikajibana na kuacha nafasi inayotakiwa. Akanionya jambo moja zaidi, kwamba giaboksi hizi zilitengenezewa oili ya injini, si ile nzito ya difu ambayo mafundi wengi humimina humo kwa mazoea. Tulipoifungua ya Baba, ndiyo nzito tuliyoikuta.

Gia ya tatu sasa inaingia bila kelele na maziwa yanafika kabla ya saa moja. Kabla hatujarudisha giaboksi chini ya gari niliandika juu ya kasha kwa rangi nyeupe: BA7/5, tarehe, oili ya injini. Baba alitazama akaniuliza nani amenituma kuchora gari lake.