Roho Mtakatifu jikoni na dukani: walokole wa Gahini na urithi wao

Septemba 1929, juu ya kilima cha Namirembe mjini Kampala, watu wawili walikaa na Biblia zao siku mbili wakifuatilia jambo moja: kila andiko linalomtaja Roho Mtakatifu. Mmoja alikuwa Joe Church, daktari kijana Mwingereza aliyetoka Gahini, kituo cha misheni kando ya ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda. Wa pili alikuwa Simeoni Nsibambi, Muganda mwenye kazi nzuri katika idara ya afya ya serikali. Church alikuwa ametoka kupambana na njaa kali iliyoikumba Rwanda, amechoka mwili na moyo. Nsibambi alikuwa na kanisa lenye majengo, shule na heshima, na bado aliona limepungukiwa. Swali lililowakutanisha lilikuwa hili: inakuwaje mtu abatizwe, apate kipaimara, aimbe kwaya, hata awe mmisionari, na maisha yake ya Jumatatu hadi Jumamosi yasiguswe?

Siku chache baadaye mmisionari mmoja alimuuliza Church amemfanya nini Nsibambi, maana ameshikwa na wazimu, anazunguka akimuuliza kila mtu kama ameokoka. Nsibambi hakurudi nyuma. Aliacha kazi ya serikali, akafanya nyumba yake kuwa mahali pa watu kuja kuzungumza habari za roho zao. 

Mazungumzo hayo yalikuwa miongoni mwa vyanzo vya uamsho wa Afrika Mashariki, na historia yake husimuliwa mara nyingi kwa mikutano yake mikubwa. Kabale mwaka 1935, Kabete mwaka 1937, na Kabale tena mwaka 1945, maelfu wamekaa kwenye nyasi na wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza, yaani tunakusifu, unapanda na kushuka. Mikutano ile ilikuwa na uzito wake. Lakini mimi naamini historia hii ina makao yake mahali padogo zaidi, kwenye wodi za hospitali, chungu cha mchuzi, daftari la madeni na kitanda cha mume na mke. Huko ndiko walokole, yaani waliookoka wa uamsho huo, walikosema Roho Mtakatifu anafanya kazi, na huko ndiko walikotaka apimwe.

Tuanze na wodi. Hospitali ya Gahini ilikuwa na msaidizi wake mkuu, Yosiya Kinuka. Alikuwa hodari wa kazi, lakini kazi ilikuwa imemkinaisha. Wahudumu waligombana, wagonjwa hawakuhudumiwa kwa moyo, na yeye mwenyewe alitaka kuondoka. Mwaka 1931 Church akamshauri aende Kampala akaonane na Nsibambi. Kinuka alikwenda na malalamiko yake kuhusu hospitali, naye Nsibambi akamwambia kwamba shida ya hospitali imeanzia moyoni mwake yeye Kinuka. Hilo si jambo rahisi kuambiwa na mtu uliyesafiri mbali kumtembelea. Safari ya kurudi Rwanda ndiyo iliyomgeuza. Alipofika Gahini aliungama, na mabadiliko yakaonekana kwa namna alivyowashika wagonjwa, kabla hajapanda mimbari yoyote.

Mwenzake alikuwa Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, aliyekuja Gahini kufundisha na baadaye akapewa ushemasi. Kigozi alikuwa mtu wa moto. Inasimuliwa kwamba mwaka 1935 alijifungia wiki nzima katika kijumba chake akisali na kusoma, akatoka akiwa na neno moja la Kiganda, Zukuka, yaani amka. Januari 1936 alisafiri kwenda Kampala kuzungumza na sinodi ya Kanisa la Uganda. Homa ya kupe ikampata, akafariki kabla ya kuhutubia. Hoja zake zilifikishwa kwa wakubwa wa kanisa, na kifo chake kikazipa nguvu ambayo pengine uhai wake usingezipa.

Kabla ya hapo, mwishoni mwa Desemba 1933, palikuwa na mkutano wa maombi Gahini ulioonekana kupooza. Mtu mmoja akasimama, akaanza kutaja dhambi zake kwa majina. Akafuata mwingine, na mwingine, kwa zaidi ya saa mbili. Hapo ndipo desturi ya kuungama hadharani ilipopata mizizi, na hapo ndipo watu walipoanza kuambiana habari ya kutembea nuruni.

Kutembea nuruni maana yake ilikuwa kazi ya mikono. Aliyeiba jembe alilirudisha. Aliyechukua blanketi la hospitali alilibeba mchana kweupe, watu wakimwona, akalikabidhi. Waliokwepa kodi walikwenda kwa maofisa wa serikali kulipa, na wenye maduka wakashangaa kupokea fedha za vitu walivyokuwa hawajui kwamba viliibwa. Kulia kanisani hakukutosha. Kama ng'ombe wa jirani bado yumo zizini mwako, ndugu walikuuliza ng'ombe anarudi lini. Waliamini Roho Mtakatifu ana kumbukumbu, na kwamba akikukumbusha kitu hutulii mpaka ukitengeneze.

Nyumbani mambo yalikwenda mbali zaidi. Katika jamii kadhaa za Uganda mwanamke hakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Alimpika kuku, akampelekea mume na wageni, yeye akabaki na mboga. Walokole waliivunja miiko hiyo. Mume na mke walikaa pamoja, wakala sahani moja. Jambo hilo leo laweza kuonekana dogo, lakini kwa wazee wa siku zile lilikuwa kashfa kubwa, pengine kuliko mahubiri yenyewe. Mwanamke alisimama kwenye ushirika akatoa ushuhuda, wanaume wakasikiliza, na akisema mumewe amemtendea vibaya, mume alitazamiwa kujibu kama ndugu mbele ya dada, si kama bwana mbele ya mali yake.

Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi, aliokoka mwaka 1941. Miongoni mwa mambo ya kwanza yaliyomsumbua ni chuki yake kwa Mzungu mmoja. Alichukua baiskeli, akaendesha kilomita zipatazo themanini kwenda kumwomba radhi. Lakini kisa chake ninachokipenda zaidi ni cha nyumbani. Siku moja alikosana na mkewe, Mera, na wakati wa kwenda kuhubiri ulikuwa umewadia. Alitaka kuondoka tu, akisema moyoni kwamba watayamaliza akirudi. Alisimulia kwamba Roho alimwambia: basi nenda ukahubiri, mimi nabaki hapa jikoni na mkeo. Kivengere alirudi ndani, akaomba msamaha, ndipo akaenda kuhubiri. Alikisimulia kisa hicho kwa miaka mingi mbele ya umati katika nchi nyingi, na nadhani kilifanya kazi kuliko hoja za theolojia, kwa sababu kila aliyeoa na kila aliyeolewa alijua jikoni pale ni wapi.

Wazungu nao hawakuachwa kando. Huu ulikuwa wakati wa ukoloni, mmisionari akiitwa bwana na kukaa kwenye kiti chake peke yake. Ndani ya ushirika alisimama mbele ya Waafrika akaungama kiburi, hasira, na hata kudharau watu aliokuja kuwahudumia. Wengine hawakuliweza hilo, wakaona uamsho ni utovu wa adabu. Wengine walibaki, wakapata udugu ambao hawakuujua kwao.

Wakubwa wa kanisa waliogopa, na hawakukosa sababu. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono walifukuzwa baada ya kukataa kuacha maombi yao ya alfajiri na kukemea waziwazi wizi na uzinzi waliosema umo chuoni. Miongoni mwao alikuwa William Nagenda, msemaji mwenye kipawa kikubwa, ambaye hakupata ukasisi mpaka kufa kwake. Hata hivyo walokole wengi walikataa kutoka kanisani na kuanzisha madhehebu yao. Walibaki Waanglikana, na huko Buhaya, kaskazini magharibi mwa Tanzania, wakabaki Walutheri. Josiah Kibira wa Bukoba, aliyelelewa na uamsho huo, akawa askofu mwaka 1964, na mwaka 1977 akachaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Kenya ndipo imani hiyo ilipopimwa kwa panga. Ilipotangazwa hali ya hatari mwaka 1952, walokole wa Ukikuyu walijikuta katikati. Walikataa kula kiapo cha Mau Mau, waliopigana na serikali ya kikoloni, wakisema wamekwisha kuinywa damu ya Kristo na hawawezi kuchanganya. Walikataa pia bunduki ya serikali walipotakiwa kuingia ulinzi wa nyumbani. Kila upande uliwaona wasaliti. Wako waliouawa, na wako waliopigwa wakaachwa wakidhaniwa wamekufa. Obadiah Kariuki, aliyeguswa na mkutano wa Kabete na baadaye akawa askofu, alikuwa shemeji wa Jomo Kenyatta, maana wote wawili walioa mabinti wa Chifu Koinange. Alimtembelea Kenyatta kifungoni. Waliosema walokole hawajali nchi yao hawakutazama karibu vya kutosha.

Nchini Uganda, Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka katika uamsho huohuo mwaka 1948, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kivengere na Mera walivuka mpaka kwa miguu usiku, kupitia milimani, mpaka Rwanda. Mwaka huohuo Kivengere alitoa kitabu chenye jina lililowakera Waganda wengi waliokuwa wakiomboleza, akisema anampenda Idi Amin. Alieleza kwamba alikuwa ameanza kumchukia, na chuki ile ilikuwa ikimla yeye.

Siandiki haya ili kuwapamba. Desturi ya kuungama iligeuka mzigo mahali pengi. Walitokea ndugu waliopima wokovu kwa nywele, kwa vazi, kwa mtu kufuga mbwa au kuweka fedha benki. Wengine waliungama dhambi za wenzao badala ya zao, na ndoa zikavunjika kwa maneno yaliyosemwa mbele ya watu ambao hawakupaswa kuyasikia. Miaka ya 1970 walokole wa Uganda waligawanyika vikali, kundi moja likiwashutumu wenzao kwamba wamelala.

Na iko Rwanda. Gahini imo ndani ya nchi ambayo mwaka 1994 Watutsi waliuawa kwa mamia ya maelfu, wengi wao ndani ya makanisa walikokimbilia. Mkristo yeyote anayesimulia uamsho akaruka hapo anadanganya. Katika miaka ya 1930 na 1940 Mhutu na Mtutsi waliungamiana katika ushirika mmoja na kulala chini ya paa moja. Lakini baadaye viongozi wa makanisa walisogea karibu mno na watawala, na nuru iliyowauliza watu habari za jembe na blanketi haikuuliza kwa nguvu ileile habari za vitambulisho vya kabila, nafasi za shule na vyeo. Dhambi ya mtu mmoja mmoja ilitajwa kwa jina; dhambi ya utaratibu mzima ikaachwa ipite. Hapo naona upungufu mkubwa wa walokole, na ni wao wenyewe, hasa wazee waliofiwa, walionifundisha kuuona. Wako pia walokole Wahutu waliokataa kuwatoa majirani zao na wakafa pamoja nao. Hao nao ni matunda ya Gahini.

Leo, katika miji yetu, Roho Mtakatifu anatangazwa kwa mabango na vipaza sauti, na ishara zake zinatafutwa jukwaani: kunena kwa lugha, kuanguka, kupona, gari jipya. Sina neno juu ya anayepona. Lakini walokole wa kwanza hawakuweka mkazo kwenye kunena kwa lugha, na hakuna aliyewaahidi mali. Wengi walipungukiwa mali baada ya kuokoka, maana walirudisha. Bukoba, Kabale na Murang'a ushirika wao bado unakutana katikati ya wiki, mara nyingi na wanawake wazee ndio wengi. Wanaimba, wanasoma andiko fupi, kisha mmoja anaeleza amelala na nini moyoni tangu walipoachana. Akitaja deni, wanamuuliza ni la nani na ni kiasi gani.