Mlango Juu ya Vitambaa

Mwaka 1788 mashua iliambaa na pwani ya mashariki ya Uskoti, ndani yake wakiwamo mwanajiolojia James Hutton, rafiki yake John Playfair na Sir James Hall, mwenye mashamba ya Dunglass, aliyekuwa na miaka 27. Sifa za safari ile zilikwenda kwa rasi ya Siccar Point. Hall, hata hivyo, alivutwa zaidi na magenge ya jirani, ambako matabaka ya mawe yamepanda na kushuka, tao kwa tao. Jiwe gumu namna ile lilikunjikaje bila kusagika?

Hutton hakuyaamini majaribio ya mezani. Aliona kazi za dunia ni kubwa mno kupimwa chunguni. Kwa kumstahi mzee huyo, Hall alikawia kutangaza majaribio yake hadi Hutton alipofariki mwaka 1797. Lile la mikunjo alilisoma mwaka 1812 mbele ya Royal Society of Edinburgh, nami naliona ndilo zuri kuliko yote.

Alitandika mezani vitambaa vya kitani na vya sufu, kimoja juu ya kingine, vikiwa badala ya mashapo yaliyotuama baharini. Juu yake akalaza mlango uliokuwa umetolewa bawabani, akaulemeza kwa mizigo. Akasimamisha ubao kila upande, akazigonga mbao hizo kwa nyundo ya mti zisogeleane. Mlango ukainuka kidogo kidogo, na vitambaa vikajikunja sawasawa na magenge yale. Baadaye alirudia kwa matabaka ya udongo, ndani ya mtambo wa kubana kwa parafujo.

Siri imo katika ule mlango. Bila uzito wake, vitambaa vingefutuka tu na kulala upande. Mwamba uliozikwa kilomita kadhaa chini nao umelemewa pande zote; uzito huo, joto na muda mrefu huuwezesha kupinda mahali ambapo juu ya ardhi ungepasuka. Tabaka nene la mchangamawe hufanya tao pana. Tabaka jembamba la tope lililogeuka jiwe hujikunja mara nyingi, au hukamuliwa kutoka ubavuni mwa mkunjo likajaa penye kona. Matabaka huteleza moja juu ya jingine, yakaachiana michirizi inayoonekana hadi leo.

Mwaka 1893 Mmarekani Bailey Willis alichapisha majaribio ya namna hiyo: nta ilishika nafasi ya vitambaa, na vipunje vya madini ya risasi vikashika nafasi ya mlango.

Kuhusu msukumo wenyewe, Hall alidhani ulitoka kwenye mawe yaliyoyeyuka. Wanajiolojia wa leo wanautaja mwendo wa mabamba ya dunia: bahari ya kale iitwayo Iapetus ilifungika zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, na mashapo yake yakabanwa kati ya mabara yaliyokuwa yakikaribiana.