Dawa, Miko na Kipimo: Kuyasoma Maji ya Songea kama Dai la Kisayansi

Katika eneo la Makumbusho ya Majimaji, Mahenge mjini Songea, kuna kaburi la halaiki la mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Miezi michache kabla, katika Vita vya Majimaji dhidi ya utawala wa Wajerumani, dawa iliyoanzia kwa mganga Kinjikitile Ngwale kule Ngarambe ilikuwa imefika Ungoni, nchi ya Wangoni. Viungo vyake havikuwa na ajabu: maji, mafuta ya mbarika, mbegu za mtama. Ajabu ilikuwa katika dai, kwamba risasi ikimfikia aliyenyunyiziwa itageuka maji.

Wanahistoria wetu wamezoea kulisoma dai hili kama dini au kama siasa ya umoja, na hawajakosea. Ila linapoitwa ishara tu, waliolibeba vitani wananyimwa haki yao: wao walimaanisha risasi, wakamaanisha maji. Lilikuwa dai kuhusu maada, nalo lilipimwa. Mbele ya bombomu, yaani bunduki za rashasha, za Wajerumani, risasi zilibaki risasi.

Kilichoiokoa dawa kwa muda ni miko. Mpiganaji asilale na mwanamke, asipore. Aliyeanguka, basi alivunja mwiko. Nani angebisha? Ya usiku wa jana marehemu alikwenda nayo.

Tusiharakishe kucheka. Mwaka 1979 mhandisi Robert Jahn alifungua maabara katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, kupima kama nguvu za nafsi zinaweza kuathiri maada. Mtu aliketi mbele ya mashine inayotoa namba kwa bahati nasibu, mfano wa kurusha sarafu bila kukoma, akanuia namba zipande au zishuke. Baada ya mamilioni ya majaribio, maabara ilidai kuona mwegamo mdogo mno, wa sehemu chache katika elfu kumi. Princeton iliporudia jaribio pamoja na maabara za Freiburg na Giessen, Ujerumani, matokeo yaliyotolewa mwaka 2000 hayakuthibitisha mwegamo ule. Watafiti wakageukia ruwaza nyingine ndani ya takwimu zile zile. Maabara ilifungwa mwaka 2007.

Hapa Ngarambe inaizidi Princeton kwa jambo moja: miko ilitangazwa kabla ya vita, ilhali ruwaza zilisakwa baada ya kushindwa. Lakini sharti lisilokaguliwa na mtu wa nje haliwi kipimo hata likitangazwa mapema. Dai la nguvu za nafsi linastahili maabara pale tu mwenye dai anaposema mapema ni tokeo gani litamfanya akubali ameshindwa.

Kuna atakayesema kwamba dawa ilifanya kazi kwenye nyoyo. Ni kweli: iliunganisha watu ambao jana yake walikuwa wakivamiana. Ujasiri huo huo uliwasogeza karibu na bombomu.

Wenye bombomu nao walikuwa na dai lao kuhusu akili na maada. Sayansi yao ya enzi hizo ilipima mafuvu ya watu wa makoloni ikiamini kwamba uwezo wa akili unasomeka katika mfupa. Songea Mbano, nduna (jemedari) wa Wangoni ambaye mji umebeba jina lake, alinyongwa siku chache baada ya wenzake, na inasimuliwa kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea, akaomba msamaha na kuahidi kwamba kitatafutwa.