Ujenzi wa Nchi za Kubuni katika Riwaya ya Kiswahili: Kutoka Kusadikika hadi Walenisi

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili aghalabu umezichukulia nchi za kubuni kuwa mavazi tu. Mhakiki huzivua, akaionyesha Tanganyika ya kikoloni iliyositiriwa, kisha akaiona kazi yake imekwisha. Usomaji huo si wa makosa, ila una upungufu: hauelezi ni kwa nini nchi hizo zingali hai hata baada ya utawala uliolengwa kuondoka.

Kusadikika ya Shaaban Robert ilichapishwa mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya udhamini wa Uingereza. Nchi yake huelea hewani. Ajabu hiyo ndiyo inayotangulia kuonekana, lakini siyo inayoishikilia riwaya. Kinachoishikilia ni mpangilio. Nchi imezungukwa na pande sita: nne za dunia, mbingu juu na ardhi chini. Kwa hiyo wajumbe ni sita, na kila mmoja hurejea na jambo la manufaa, akatupwa kifungoni. Marudio hayo humfunulia msomaji sheria ya ndani ya Kusadikika: nchi huadhibu maarifa iliyoyatafuta yenyewe. Karama anapojitetea dhidi ya mashtaka ya Majivuno, hoja yake ina uzito kwa sababu kila kisa kimekuja kuithibitisha. Jiografia imezaa msuko, nao msuko umezaa hoja.

Hata hivyo, hewa yenyewe haina kazi kubwa. Baraza na gereza ni vya nchi yoyote. Mwandishi wa bunilizi ya kisayansi angeulizwa maji hutoka wapi, na ajikwaaye ukingoni huangukia wapi. Shaaban Robert aliandika katika mkondo wa hekaya na istiari, ambao haudai majibu hayo. Kumhukumu kwa kanuni zisizo zake ni kumwonea. Lakini kumwiga pasi na kuitambua tofauti hiyo ni kumpoteza mwandishi chipukizi.

Euphrase Kezilahabi alishika njia nyingine katika Nagona (1990) na Mzingile (1991). Humo wakati na mahali havitulii, na msomaji hapewi ramani. Ulimwengu huo hausambaratiki kwa kuwa una mantiki yake: safari ya kutafuta maana huendelea hata pale mandhari yanapoyeyuka.

Katama Mkangi, katika Walenisi (1995), alirejea kwenye nchi yenye taasisi na desturi. Jina lake lina kitendawili chenye jibu ndani yake: wale ni sisi. Dzombo hufika huko akiwa mgeni, na ugeni wake ndio mlango wa msomaji, kwani huuliza yale ambayo mwenyeji hangefikiria kuyaeleza. Hatari ya mbinu hii ni mwenyeji kugeuka mhadhiri, na nchi ikawa somo badala ya kuwa makazi.

Historia hii yaonyesha kwamba nchi ya kubuni haijengwi kwa wingi wa maajabu. Hujengwa kwa sheria chache zinazofuatwa hadi mwisho, na kwa watu wanaozilipia gharama. Wajumbe sita walizilipia kwa vifungo vyao. Uhakiki unaouliza tu nchi hiyo ni ipi utaendelea kupata jibu moja. Swali la jinsi inavyosimama ndilo litakalowafaa wasomaji na waandishi wa kesho.